Amana ya Kalamu: Kuitafuta Elimu Maktabani na Kuiandika kwa Uaminifu

(Maneno haya tuliyasema msikitini, hapa Malampaka, mbele ya wanafunzi wa vyuo waliokuwa likizo na wazazi wao. Tumeyaweka katika maandishi kwa ombi la baadhi ya waliohudhuria.)

UTANGULIZI

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba wake wote. Ama baad.



Mada tuliyoombwa kuizungumza leo haikuzoeleka katika nyumba hii. Humu tumezoea kusikia habari za swala, zaka, ndoa na mirathi. Leo tumeombwa tuzungumze juu ya kazi ya utafiti, ile ambayo wanafunzi wengi wa stashahada na shahada hutakiwa kuiandika kabla ya kuhitimu, na namna ya kuzitafuta na kuzitumia rasilimali za maktaba kwa ajili ya kazi hiyo.

Huenda mzee wetu mmoja akauliza: Jambo hili latuhusu nini sisi tunaolima pamba? Jawabu letu ni kwamba latuhusu kwa mambo mawili. Kwanza, ada inayolipwa chuoni inatokana na pamba hiyo hiyo. Pili, kijana anayeandika leo juu ya kilimo, maradhi au shule za Maswa, kesho ndiye bwana shamba wetu, mganga wetu na mwalimu wa watoto wetu. Ikiwa alichokiandika ni cha uongo, uongo huo utarudi hapa kijijini ukiwa na muhuri.

MARADHI YENYEWE

Vijana wetu wana nyudhuru tatu. Wa kwanza husema: Hakuna vitabu vilivyoandikwa kuhusu kwetu. Wa pili husema: Maktaba ziko mbali. Wa tatu husema: Kila mtu ananakili, basi na sisi tunanakili.

Udhuru huu wa tatu huzaliwa na ile miwili ya mwanzo. Kijana akishaamini kwamba hakuna kitabu, huenda steshenari akanunua andiko la mwanafunzi wa mwaka uliopita. Andiko lilikuwa la Kahama. Yeye anafuta jina la Kahama na kuandika Maswa. Idadi ya wakulima waliohojiwa inabaki ile ile, maneno yao yale yale, na mapendekezo yale yale. Wengine humlipa mtu awaandikie kazi nzima, kisha wakaweka majina yao juu ya jalada.

Tunayotaka kuyathibitisha leo, inshaallah, ni kwamba vitabu kuhusu kwetu vipo, kwamba njia ya kuvifikia inajulikana, na kwamba kila neno linaloandikwa katika utafiti lina mwenyewe ambaye haki yake ni lazima itolewe.

ELIMU HII SI NGENI KWETU

Ndugu zetu, wapo wanaodhani kwamba kutaja chanzo cha maneno ni desturi iliyoletwa na vyuo vya Kizungu. Hilo si kweli. Umma huu ulijengwa juu ya isnadi. Swahaba Jabir bin Abdillah (r.a.) alisafiri mwendo wa mwezi mmoja kwenda Sham kwa Abdullah bin Unays (r.a.) kwa ajili ya hadithi moja tu. Habari ya hadithi ile ilikuwa imekwisha kumfikia, lakini alitaka aisikie kwa aliyeisikia mwenyewe kwa Mtume (s.a.w.). Katika lugha ya vyuo vya leo, Jabir alikuwa anarejea kwenye chanzo cha kwanza.

Hata orodha za vitabu si ngeni kwetu. Mwaka 377 Hijria, sawa na 987 Miladia, muuza vitabu wa Baghdad aitwaye Ibn al-Nadim alitunga kitabu chake Al-Fihrist, akaorodhesha ndani yake vitabu vya Kiarabu vilivyojulikana katika zama zake na waandishi wake, fani baada ya fani. Karne nyingi baadaye Haji Khalifa wa Istanbul, aliyefariki mwaka 1067 Hijria (1657), aliandika Kashf al-Dhunun, akapanga maelfu ya vitabu kwa majina yake. Neno letu la Kiswahili faharasa limetokana na neno hilo hilo fihris.

Basi kijana aliyepita madrasa na kujifunza takhriji, yaani kuitafuta hadithi katika vitabu vya asili na kubainisha imetolewa na nani na daraja lake ni lipi, tayari ana nusu ya elimu anayoihitaji maktabani. Kilichobaki ni kujua milango.

HATUA YA KWANZA: SWALI KABLA YA KITABU

Mtu asiende maktaba na neno moja mdomoni. Akimwendea mkutubi na kusema anataka vitabu vya pamba, atapewa rafu nzima, naye atarudi nyumbani akiwa amechoka. Aende na swali.

Tuchukue mfano mmoja tutakaoufuata mpaka mwisho. Kijana wa hapa Malampaka anataka kuandika juu ya vyama vya ushirika vya pamba. Swali lake na liwe hivi: Ni mambo gani yaliyowafanya wakulima wa Maswa waingie katika ushirika katika miaka ya 1950, na ni yapi yaliyodhoofisha ushirika huo baadaye? Swali hili lina mahali, lina wakati, na lina jambo linalotakiwa kuelezwa. Kila kitabu atakachokifungua atakiuliza hilo, na kisichojibu atakirudisha rafuni bila majuto.

HATUA YA PILI: MAJINA

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na hapa ndipo ulipozaliwa ule udhuru kwamba hakuna vitabu kuhusu kwetu.

Kijana huandika neno Simiyu katika kompyuta ya maktaba, akapata vitu vichache, vyote vya karibuni. Anasahau kwamba Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Maswa na Bariadi zilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Wakati wa Waingereza sehemu hizi zilikuwa katika jimbo lililoitwa Lake Province, na nchi yenyewe ikiitwa Tanganyika. Waandishi wa Kiingereza waliliita eneo letu Sukumaland. Basi atafute kwa majina yote hayo: Simiyu, Shinyanga, Maswa, Usukuma, Sukuma, Sukumaland, Lake Province, Tanganyika. Kila jina ni mlango wa zama zake.

Na si majina ya mahali tu. Vyombo navyo vimebadilika majina. Shirikisho la ushirika lililoundwa mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani liliitwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Mwaka 1968 nafasi yake ilichukuliwa na Nyanza Cooperative Union. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na kazi ya kununua pamba vijijini ikawa ya Mamlaka ya Pamba. Sheria ya mwaka 1982 ikarudisha ushirika, na ndipo kikaja chama kikuu cha Shinyanga, SHIRECU. Mwaka 1994 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Mwenye kutafuta habari za mwaka 1978 kwa jina la SHIRECU hatapata kitu, na kosa si la maktaba.

Tahadhari nyingine ni kubwa zaidi. Maswa ya zama za Waingereza haikuwa Maswa ya leo. Ilikuwa wilaya kubwa, na Ntuzu na Itilima zilikuwa ndani yake. Anayechukua idadi ya marobota ya pamba ya Maswa ya mwaka 1955 na kuilinganisha na ya Maswa ya sasa, kisha akahitimisha kwamba wakulima wamekuwa wavivu, amewadhulumu watu. Amelinganisha nyumba nzima na chumba kimoja.

HATUA YA TATU: MAHALI PA KWENDA

Sasa tuje kwenye udhuru wa pili, kwamba maktaba ziko mbali. Ni kweli kwamba kutoka hapa ni safari. Lakini Malampaka ni kituo cha reli, na reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Kizazi baada ya kizazi kimesafirisha pamba kwa njia hiyo. Haiwi vigumu kusafiri kwa ajili ya kitabu. Tutataja mahali kwa mpangilio, kuanzia karibu.

Kwanza ni maktaba ya chuo anachosoma mwenyewe. Wengi huipita njiani kila siku na hawajawahi kumuuliza mkutubi wake swali hata moja. Waulize kama zipo kazi za wanafunzi waliotangulia na majarida ambayo chuo kimeyalipia, maana mara nyingi chuo hulipia mambo ambayo wanafunzi wenyewe hawana habari nayo.

Pili ni maktaba za umma. Bodi ya Huduma za Maktaba ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa iliyopo Dar es Salaam, barabara ya Bibi Titi Mohamed, ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwezi Desemba 1967. Bodi hiyo ina maktaba za mikoa, na zilizo jirani nasi ni za Mwanza na Shinyanga. Katika maktaba hizi vitabu hupangwa kwa namba za Dewey. Ushirika uko 334, kilimo 630, na pamba yenyewe 633.51. Uislamu ni 297, na historia ya Tanzania ni 967.8. Mtu akikipata kitabu kimoja, asiondoke. Atazame vilivyo kuume na kushoto kwake, kwani vimewekwa jirani kwa kuwa vinazungumzia jambo moja. Vyuo vikuu vingine hutumia mpango wa Maktaba ya Bunge la Marekani, wenye herufi: Uislamu huwa BP, historia ya Tanzania huwa ndani ya DT, na ushirika ndani ya HD.

Tatu ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho jengo lake jipya la maktaba lilifunguliwa mwezi Novemba 2018. Huko kuna mkusanyiko maalumu wa Afrika Mashariki, na ndani yake zimo karatasi za Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyetumikia serikali ya Waingereza, ambaye mwaka 1953 alitoa kitabu cha sheria na mila za Wasukuma. Mwaka huo huo afisa mmoja wa kikoloni, D. W. Malcolm, alitoa kitabu kiitwacho Sukumaland. Mwaka 1969 Mmarekani Andrew Maguire alitoa kitabu juu ya siasa na ushirika huku Usukumani, lakini jina lake ni Toward 'Uhuru' in Tanzania. Mtazame jina hilo: halina Maswa, halina pamba, halina Usukuma. Anayetafuta kwa majina ya juu ya jalada tu atakipita. Vivyo hivyo kitabu cha John Iliffe cha mwaka 1979, A Modern History of Tanganyika. Ni lazima mtu afungue faharasa ya mwisho, atafute Sukuma na pamba, ndipo apelekwe kurasa zinazomhusu. Lipo pia jarida la Tanganyika Notes and Records, lililoanza mwaka 1936, lenye makala nyingi juu ya watu na ardhi ya nchi hii.

Nne ni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Huko hamna vitabu vya kuazima, bali mafaili: barua za maafisa, taarifa za mwaka, na yale madaftari ya wilaya ambayo mabwana shauri wa Kiingereza waliyaandika kwa kupokezana. Aendaye huko achukue barua ya utambulisho kutoka chuoni, na aandike namba ya kila faili alilolisoma.

Tano ni Ukiriguru, wilayani Misungwi, kituo cha utafiti wa kilimo ambacho mbegu za pamba zimepewa jina kwake. Zile herufi UK katika UK77 na UK91 ndizo za Ukiriguru. Mwanafunzi wa kilimo asiyefika hapo au asiyesoma taarifa zake ameacha kisima kilicho mlangoni.

Na je, yafaa Muislamu aingie katika maktaba za watu wa dini nyingine? Tunauliza kwa sababu Mwanza pana Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kinachomilikiwa na maaskofu wa Kanisa Katoliki, na huko Bujora, Kisesa, pana makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na padri David Clement. Tunasema: Yafaa, na mtu aende kwa adabu, afuate taratibu za wenyeji na ashukuru. Mtume (s.a.w.) alimwamrisha Zaid bin Thabit (r.a.) ajifunze maandishi ya Mayahudi kwa ajili ya barua zao. Historia ya babu zetu ikiwa imewekwa katika nyumba ya jirani, tutabisha hodi kwa jirani.

HATUA YA NNE: KUMPIMA MSIMULIZI

Wanazuoni wa hadithi hawakuishia kuuliza nani kasema. Waliuliza pia: Alikuwepo? Ana kumbukumbu nzuri? Ana maslahi katika jambo hili? Mwanafunzi naye afanye hivyo.

Malcolm alikuwa afisa wa serikali ya kikoloni. Alijua mengi na alikusanya mengi, lakini aliiona Usukuma kutoka kwenye meza ya mtawala. Katika zama zake wakulima walilazimishwa kufuata kanuni za matuta na kupunguza mifugo, na taarifa za maafisa zilieleza upinzani wa wananchi kuwa ni ukaidi na ujinga. Maguire alikuja baada ya Uhuru, akawasikiliza viongozi na wananchi, naye akayaona malalamiko yale kama siasa yenye sababu zake. Mwanafunzi hatakiwi kumtupa mmoja na kumkumbatia mwingine. Awaweke pamoja, aonyeshe walipokubaliana na walipohitilafiana, kisha arudi hapa Malampaka awaulize wazee walioupeleka mzigo mizanini katika miaka ile au walioupokea ushirika kwa baba zao. Mzee naye ni chanzo. Maneno yake yaandikwe pamoja na tarehe na mahali yaliposemwa, na kwa ridhaa yake. Na mzee naye hupimwa kwa upole, maana kumbukumbu huchanganya miaka.

HATUA YA TANO: MTANDAO NA AKILI MNEMBA

Simu za vijana wetu leo zinafungua majarida ambayo zamani yalihitaji safari ya Dar es Salaam. Mtandao wa African Journals Online una makala nyingi za wanazuoni wa Afrika, na nyingi husomwa bure. Vyuo vikuu vyetu navyo huweka tasnifu za wanafunzi wao katika hifadhi za mtandaoni. Wanafunzi wa masomo ya dini wanaijua Al-Maktaba al-Shamila, programu yenye maelfu ya vitabu vya Kiarabu. Hizi ni neema. Lakini kila neema ina adabu yake. Katika Shamila, kwa mfano, baadhi ya vitabu kurasa zake zinalingana na nakala iliyochapwa na vingine hazilingani, na programu yenyewe hubainisha hilo mwanzoni mwa kitabu. Asiyetazama ataandika ukurasa ambao hakuna mtu atakayeukuta.

Jambo la hatari zaidi ni programu za akili mnemba. Kijana huiuliza impe vitabu juu ya ushirika wa Maswa, nayo humpa orodha nzuri: mwandishi, jina la kitabu, mwaka, mchapishaji, hata ukurasa. Mara nyingine vitabu hivyo vipo. Mara nyingine havijawahi kuandikwa na mtu yeyote duniani, kwa sababu programu hizo hupanga maneno yanayoelekea kufanana na ukweli, wala hazikuenda rafuni kutazama. Wanafunzi wa hadithi wataufahamu haraka msiba huu. Wazushi wa zamani nao hawakuleta maneno matupu. Walileta uongo uliovikwa isnadi nzuri. Wanazuoni waliwakamata kwa kuuliza maswali mepesi: Ulimsikia mwaka gani? Yeye alifariki mwaka gani? Mlikutana wapi?

Basi tunawapa vijana wetu kanuni moja: kitabu ambacho hukukishika mkononi wala hukuuona ukurasa wake kwa macho yako, usikiandike katika orodha ya marejeo. Ukitajiwa kitabu, na aliyekutajia awe mtu au mashine, kitafute kwanza katika katalogi ya maktaba. Usipokipata, muulize mkutubi. Kisipoonekana popote, kiache.

AMANA YA KUNUKUU

Tukija kwenye kuandika, mambo ni matatu.

La kwanza, kila unaposoma, andika hapo hapo jina la mwandishi, jina la kitabu, mahali kilipochapwa, mwaka na ukurasa. Usiseme nitakumbuka. Mwanafunzi akirudi Malampaka bila namba ya ukurasa, huirudia safari ya Mwanza kwa ajili ya tarakimu mbili.

La pili, tenganisha katika daftari lako maneno ya mwandishi na maneno yako. Ukinakili sentensi yake, itie alama za kunukuu siku hiyo hiyo. Wizi mwingi wa maandishi huanzia katika daftari chafu. Baada ya wiki tatu mtu hajui tena lipi lake na lipi la mwenziwe. Na kubadilisha maneno mawili matatu ndani ya sentensi ya mtu hakuifanyi kuwa yako. Ukieleza fikra yake kwa maneno yako, bado fikra ni yake, mtaje.

La tatu, usimrukie uliyemsoma. Ikiwa neno la Malcolm umelikuta ndani ya kitabu cha mwandishi mwingine, sema kwamba umelitoa kwa huyo mwingine. Ukimtaja Malcolm peke yake kana kwamba ulimsoma, hiyo ndiyo tadlisi iliyochukiwa na watu wa hadithi: kumficha mtu wa katikati ili isnadi yako ionekane fupi na tukufu.

Ama kununua andiko la mtu na kuweka jina lako, hilo halihitaji maelezo marefu. Mtume (s.a.w.) alimkemea anayejipamba kwa kitu ambacho hakupewa, akamfananisha na mwenye kuvaa mavazi ya uongo. Cheti kinachopatikana hivyo huleta ajira, ajira huleta mshahara, na mshahara huo unalisha watoto. Kijana na ajiulize atawalisha nini. Na mzazi anayempa mwanawe fedha akijua ni za kumlipa mwandishi, ameshirikiana naye.

WAJIBU WA WAZAZI NA MISIKITI YETU

Ndugu zetu, tukiwalaumu vijana peke yao tutakuwa hatukufanya uadilifu. Mzazi hutoa ada, akaona amemaliza. Hajui kwamba utafiti una nauli ya Mwanza, malazi ya siku mbili au tatu, na fedha ya fotokopi. Kijana akiona haya kuomba, steshenari inamwita. Tunawaomba wazazi waulize mapema: Utafiti wako ni juu ya nini, na unahitaji kwenda wapi? Nauli hiyo ni sehemu ya ada.

Misikiti nayo ina nafasi. Zamani maktaba za Waislamu zilisimama kwa waqfu. Hapa Afrika Mashariki, msikiti wa Riyadha huko Lamu umehifadhi miswada ya Kiarabu iliyoandikwa kwa mkono, na sehemu yake imepigwa picha na kuwekwa katika mtandao kwa msaada wa Maktaba ya Uingereza, ili watafiti wa dunia nzima waisome. Tunaweza kuhitilafiana na wenyewe katika baadhi ya mambo, lakini katika kuhifadhi vitabu wametutangulia.

Sisi tuanze na kidogo. Kabati moja lenye kufuli, na daftari lenye safu za namba, mwandishi, jina la kitabu, mwaka, na jina la aliyeazima. Humo viwekwe vitabu vyetu, na pia viwekwe vile ambavyo tunavitupa: nakala za magazeti na majarida yetu, kumbukumbu za vikao vya msikiti, stakabadhi za pamba za wazee, kadi za ushirika. Leo ni makaratasi yanayoliwa na mchwa. Miaka ishirini ijayo atakuja kijana wa hapa kuuliza babu zake waliishije, naye asiambiwe kwamba hakuna kitu kuhusu kwao.

HITIMISHO

Tumesema kwamba vitabu kuhusu kwetu vipo, ila vimehifadhiwa kwa majina ya zama mbalimbali. Kwamba safari ya kuvifuata ni fupi kuliko safari za waliotutangulia. Na kwamba kila neno ni amana kwa aliyelisema. Nyinyi vijana mtakaorudi vyuoni wiki ijayo, nendeni kwanza kwa mkutubi na swali lililoandikwa katika karatasi. Nyinyi wazee mlio na stakabadhi ndani ya masanduku, msizichome moto.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie elimu yenye manufaa, atulinde na kalamu ya uongo, na awafanyie wepesi vijana wetu katika masomo yao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.